Nduli au mwamba? Tunavyomhukumu Idi Amin, na kwa nini uongo juu yake unawabeba wanaomsifu

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite, ila anayetaka kuchangia naomba asome mpaka mwisho kwanza.

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Missenyi, mkoani Kagera. Jioni tumekaa jikoni, bibi anamenya ndizi, mdogo wangu mtoto wa mama mdogo, yuko kidato cha tatu, ameshika simu. Akanisogezea picha: Idi Amin, aliyekuwa rais wa Uganda, kaketi kwenye kiti, wazungu wamembeba mabegani, mwingine nyuma kamshikia mwavuli. Ni picha ya kweli, ilipigwa Kampala mwaka 1975. Chini yake mtu kaandika "mwamba wa Afrika", na waliokubali ni maelfu. Dogo akasoma maoni kwa sauti: huyu ndiye aliyewatia adabu wakoloni, huyu ndiye aliyewarudishia Waafrika uchumi wao.

Bibi akasimamisha kisu. Hakuuliza ni nani anayesemwa. Akamwambia kwa Kihaya, "Huyo alinikuta nina mimba ya mama yako." Akaendelea kumenya.

Dogo alizima simu kwa adabu, lakini niliona usoni kwamba hajaelewa. Usiku tukiwa chumbani akaniambia, "Kaka, si walisema pia alikuwa anakula watu? Na hiyo ni kweli?" Nikamwambia hapana, hiyo haijawahi kuthibitishwa. Akanijibu, "Basi hata haya mengine wametunga."

Jibu hilo ndilo limeniletea uzi huu.

Tumelea jina la Amin kwa namna mbili, na zote mbili zimetuharibia kumbukumbu. Sisi Watanzania tulimwita nduli. Wakati wa vita vya Kagera redio haikutaja "Idi Amin" peke yake, ilikuwa "nduli Idi Amin", mpaka watoto waliozaliwa baadaye wakadhani Nduli ni jina lake la kwanza. Vitani neno kama hilo lina kazi yake, sipingi. Ila likishakaa miaka 40 linaacha kueleza chochote. Nduli ni jitu la hadithi, na jitu la hadithi hula watu, huweka vichwa kwenye friji, huzungumza na mamba. Magazeti ya Ulaya nayo yalikuwa yanamtaka hivyohivyo, mwafrika mwenye nguvu anayechekesha na kutisha, na hadithi hizo ndizo zilizosafiri mbali kuliko ripoti yoyote.

Sasa kijana wa leo ana simu. Anatafuta "alikula watu", anakuta hakuna ushahidi. Akishaona moja ni uongo, anatupa na mengine yote, anabaki na picha ya wazungu wamebeba kiti. Kila uongo tuliomwongezea Amin umegeuka kuwa shahidi wake wa utetezi. Mimi naumia na jambo hili, kwa sababu yaliyothibitika yanatosha kabisa, wala hayakuhitaji kuongezewa chumvi.

Chukua Benedicto Kiwanuka. Alikuwa Jaji Mkuu wa Uganda, na kabla ya uhuru aliwahi kuiongoza serikali ya nchi hiyo. Tarehe 21 Septemba 1972 watu wa usalama walimkamata Mahakama Kuu Kampala, mchana, mbele ya wafanyakazi wake. Hakuonekana tena. Jaji Mkuu! Mwili wake haukupatikana.

Chukua Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa Anglikana. Februari 1977 alikamatwa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ikatangaza kwamba wamekufa kwa ajali ya gari. Waliouona mwili wa askofu waliona matundu ya risasi. Leo tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa Uganda kwa ajili yake.

Na hili wengi hawalijui. Mwaka 1974 Amin mwenyewe, baada ya kelele kuzidi, aliunda tume iliyoongozwa na jaji kuchunguza watu waliopotea tangu alipochukua nchi Januari 1971. Tume yake mwenyewe! Ikasikiliza mashahidi mamia, ikaandika kesi 308 za watu waliopotea, na ikanyoosha kidole kwa vyombo vyake vya usalama. Ripoti ilikabidhiwa, ikafungiwa, watu wakaendelea kupotea. Kwa hiyo mtu akikwambia "ni propaganda za wazungu", mwambie asome kwanza ripoti ya tume iliyoteuliwa na Amin.

Nije Kagera, maana ndiko nilikozaliwa.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yalivuka mpaka pale Mutukula, yakateka eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, na redio ya Kampala ikatangaza kwamba sasa ni sehemu ya Uganda. Tarehe 3 Novemba wakalivunja daraja la Kyaka. Kiwanda cha sukari kikaporwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu kuvushwa mpaka. Idadi ya raia waliouawa inayotajwa mara nyingi ni 1,500 hivi. Kwenye kilima cha Kyaka magofu ya kanisa yako mpaka leo, kuta zimesimama bila paa.

Bibi alikuwa kijiji cha karibu na Bunazi. Anasema ilikuwa msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa, ndio unaanza. Mliotoka kwetu mnajua, senene wakishuka hakuna anayelala, watoto wanakesha na taa. Mwaka ule senene walishuka na hakuna aliyewaokota. Walitembea usiku kwenda mtoni, yeye na mimba yake, mama yangu wa miaka kumi akibeba mdogo wake mgongoni, na babu akisukuma baiskeli iliyofungwa godoro na debe la kahawa. Walivuka Kyaka daraja likiwa bado zima. Anakumbuka kwamba katikati ya daraja babu alisimama akamwaga kahawa yote mtoni, kwa kuwa debe lilikuwa linapiga kelele kwenye baiskeli. Kahawa ya msimu mzima! Nilipokuwa mdogo nilidhani anasimulia hasara. Nimekuwa mtu mzima ndiyo nimeelewa jinsi hofu ilivyokuwa kubwa.

Waliporudi mwaka 1979 migomba ilikuwa imesimama, nyumba haina bati hata moja, na jirani zao wengine hawakuwepo.

Swali langu ni hili. Tumhukumuje mtu kama huyu ili hukumu yetu isimame hata mbele ya kijana anayehoji? Mimi nasema tuanze na walalamikaji, wenye majina na tarehe, hadithi tuziache. Karibuni. Matusi ya dini na makabila naomba tuyaache nje.

#2 Mchangiaji, Dodoma

Mkuu pole kwa bibi, lakini umeandika kwa machungu ya familia. Nina maswali matatu.

La kwanza, ile idadi ya waliouawa 300,000 inayotajwa kila mahali alihesabu nani? Wengine wanasema 80,000, wengine 500,000. Tofauti ya watu 420,000 hiyo si hesabu, ni kukisia.

La pili, Leopold wa Pili wa Ubelgiji kaua Wakongo mamilioni na ana masanamu Brussels. Kwa nini kila orodha ya madikteta waovu inaanza na Mwafrika?

La tatu, Tanzania ilikuwa inamlea Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, Dar es Salaam. Septemba 1972 wapiganaji wake walivamia Uganda wakitokea kwetu. Ungekuwa wewe Amin ungekaa kimya?

Simtetei. Nataka mizani iwe moja kwa wote.

#3 Mchangiaji, Mwanza

Naomba niseme kitu kama Mtanzania mwenye asili ya Kihindi, kizazi cha nne hapa Mwanza.

Shangazi yake baba yangu aliolewa Jinja. Agosti 1972 Amin alitangaza siku 90. Mnaposema "aliwarudishia Waafrika uchumi" mnafikiria matajiri wa viwanda. Mume wa shangazi alikuwa fundi cherehani. Vyerehani viwili, nyumba ya kupanga. Yeye na babake wote wamezaliwa Uganda. Walipanda treni kwenda Mombasa kuchukua meli, na njiani kwenye vizuizi wanajeshi walikuwa wanaingia mabehewani. Shangazi walimvua bangili, moja ikagoma kutoka, askari akaitoa kwa sabuni aliyoikuta kwenye begi lao. Mpaka anakufa alikuwa akinawa mikono kwa maji matupu. Sijui kama ni kwa sababu hiyo, hakusema, ila sisi watoto tuliona.

Na hayo maduka walipewa nani? Wenyewe Waganda waliwaita mafuta mingi, hilo ndilo jina lililobaki. Wanajeshi na marafiki zao. Bidhaa zilipoisha kwenye rafu hapakuwa na wa kuagiza nyingine, na nchi ikaanza kuishi kwa magendo. Mwananchi wa kawaida wa Kampala alipanga foleni ya sukari na chumvi kama sisi huku tulivyokuja kupanga baadaye.

Nakubali pia kwamba wapo Wahindi waliowatendea Waafrika vibaya sana kwenye maduka yao. Babu yangu alikuwa akilisema hilo waziwazi, na wenzake walimchukia kwa kulisema. Lakini fundi cherehani hakuwa ameiba Uganda.

#4 Mchangiaji, Busia (Kenya)

Ndugu zangu Watanzania, msidhani Amin ni wenu peke yenu. Februari 1976 alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda kihistoria. Mzee Kenyatta alijibu kwamba hata inchi moja haitoki, na wafanyakazi wa bandari Mombasa wakakataa kugusa mizigo ya Uganda. Mafuta yao yalipita kwetu, basi akanywea haraka.

Baba yangu alikuwa akiuza mahindi mpakani. Alikuwa akisema jambo moja ambalo watu hawapendi kulisikia: mwaka 1971 Amin alipopindua, Kampala watu walicheza barabarani. Obote alikuwa amemkimbiza Kabaka, mfalme wa Buganda, amefunga watu bila kesi. Uingereza nayo ilitambua serikali mpya haraka sana. Kwa hiyo Amin alishangiliwa kwanza, kisha ndipo akachukiwa. Waliomshangilia wengine ndio waliokuja kupotea. Kiwanuka huyohuyo aliyetajwa juu alikuwa gerezani wakati wa Obote, Amin ndiye aliyemfungulia na kumpa ujaji mkuu. Mwaka mmoja na ushei baadaye kamkamata.

#5 Mchangiaji, Kampala

Mimi Mtanzania nafanya kazi Kampala mwaka wa tisa sasa. Niongeze upande ambao hatuusikii nyumbani.

Hapa ukikaa na Waislamu wazee wa Old Kampala au Kibuli, hawamsemi kama sisi. Watakukumbusha kwamba kabla yake walikuwa wachache wasio na sauti serikalini, na kwamba ule msikiti mkubwa wa kilimani ulianzwa wakati wake, ukamalizwa miaka mingi baadaye kwa fedha za Gaddafi. Pia watakwambia, na hii ndiyo inayowauma, kwamba alipoanguka walilipizwa wao. Wengine hawakuwa wamewahi hata kumwona.

Nenda West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ndiyo utachoka. Amin ni wa kule. Mwaka 1980 jeshi jipya liliingia kwa kisasi, watu wakakimbilia Sudan na Zaire kwa makundi. Juni 1981 raia waliokuwa wamejihifadhi kwenye misheni ya Ombaci karibu na Arua waliuawa. Mtu wa Arua ukimwambia "Amin muuaji" anakutazama tu, kisha anakuuliza, "Na waliotuua sisi wanaitwaje?"

Halafu kuna suala la lugha. Amin mwaka 1973 aliamuru Kiswahili kiwe lugha ya taifa. Kwa watu wa hapa Kiswahili kikawa ndiyo sauti ya kizuizini: simama, toa kitambulisho, lala chini. Miaka ya Obote wa pili ikaongezeka "panda gari". Nimeshakutana na mama mtu mzima sokoni Nakasero, nimemsalimia kwa Kiswahili kwa heshima zote, akashtuka mabega. Binti yake ndiye aliyenielewesha baadaye. Na mama huyohuyo anawaita wanajeshi wetu wa 1979 bakombozi, wakombozi, anawasifu, ingawa nao walikuja wakisema Kiswahili hichohicho.

#6 Mleta uzi

Nashukuru sana. Sikutegemea michango ya namna hii. Namba tatu umenikalisha kimya.

Nimjibu mkuu wa Dodoma, kwa kuwa maswali yake ndiyo ya vijana wengi.

Kuhusu idadi, uko sahihi kwamba hakuna aliyehesabu. Tume ya Kimataifa ya Wanasheria ilikadiria si chini ya 80,000, na wengine wakapanda mpaka laki tano. Watu walitupwa mtoni na msituni, hakuna daftari la vifo, na ofisi ambayo ingeandika ndiyo iliyokuwa inaua. Lakini angalia unachofanya na huo ukungu. Serikali inayopoteza watu inapoteza na maiti ili wewe baadaye useme "hesabu haijulikani". Kutojulikana kwa idadi ni sehemu ya kosa lenyewe, halafu tunalileta kama utetezi wa mkosaji. Mimi nikikosa uhakika wa 300,000 nitasema sina uhakika wa 300,000. Siwezi kwa sababu hiyo kumfuta Kiwanuka.

Leopold: hapo nakuunga mkono moja kwa moja. Kongo ilikuwa mali yake binafsi kuanzia 1885 hadi 1908, mikono ya watu ilikatwa kwa sababu ya mpira, na yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga huko. Idadi ya waliokufa nayo inabishaniwa kwa sababu ileile, hapakuwa na sensa. Lakini unaona ajabu yake? Wanaomtetea Leopold Ubelgiji wanasema maneno yako yaleyale: nani alihesabu, alijenga majengo, mbona mnamwonea yeye peke yake. Mwaka 2005 sanamu lake lilisimamishwa tena Kinshasa na saa chache tu baadaye likashushwa. Mwaka 2020 ndipo mfalme wa Ubelgiji alipoeleza masikitiko kwa yaliyotendeka. Miaka zaidi ya mia! Kama unachukia wanavyomtetea yeye, usiyaazime maneno yao kumtetea Amin.

La tatu ni gumu zaidi, na sitalikwepa. Ni kweli, Septemba 1972 wapiganaji wa Obote walitokea Tanzania wakashindwa, na ndege za Amin zikapiga mabomu Bukoba na Mwanza. Mkataba ukasainiwa Mogadishu. Baada ya hapo ikapita miaka sita. Wakulima wa Bunazi hawakuwa na bunduki wala Obote.

Ila kuna kitu sisi Watanzania tunapaswa kukikubali. Obote alikuwa mgeni wetu na rafiki wa Mwalimu, kwa hiyo mdomo wetu juu yake ni mlaini mno. Alirudi madarakani Desemba 1980, na vita vya Luweero chini yake vilijaza mafuvu barabarani. Wapo wanaosema waliokufa hapo hawapungui sana kuliko wa Amin. Obote alipofariki 2005 alizikwa Uganda kwa heshima za kitaifa. Amin alifariki Jeddah Agosti 2003, akazikwa hukohuko. Mmoja alijua kuongea vizuri kwenye mikutano, mwingine alicheza ngoma na kujiita mshindi wa Dola ya Uingereza. Naogopa kwamba mara nyingi tunachochukia ni kituko cha mtu, na anayeua kwa adabu tunamsamehe. Hapo yule mtu wa Arua ana haki ya kutuuliza.

#7 Mchangiaji, Tabora

Nimesoma kimya toka mwanzo. Nimeamua kuandika kwa sababu mmesema mizani moja.

Baba yangu alipigana vita vile. Alikuwa kwenye mizinga. Waganda walikuwa wakiziita roketi zetu "saba saba", na yeye alilipenda hilo jina. Nyumbani alisimulia mengi: mvua, buti zilizooza, ndizi za kuchoma, wananchi wakiwapokea na matawi. Mwalimu alisema uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo, baba alikuwa akiyarudia maneno hayo mpaka sauti ya Mwalimu anaiga.

Masaka hakuisimulia. Tuliijua kwa mjomba aliyekuwa naye. Mji ulipotekwa Februari 1979, askari waliokuwa wameiona Kagera, wameona miili kule, waliulipua mji ule kwa baruti, nyumba hata nyumba, ikiwa ni malipo. Mbarara vivyo hivyo. Nyumba za nani? Za watu ambao Amin aliwatesa miaka minane.

Nilipomuuliza baba, alikaa muda mrefu. Akasema, "Tulikuwa na haki ya kwenda. Hatukuwa na haki ya kila kitu tulichofanya tulipofika." Hakuongeza. Amezikwa na medali yake, na mimi naona anaistahili.

#8 Mchangiaji, Dodoma

Mkuu wa Tabora, asante. Kwa kweli nilikuwa nasubiri mtu aseme Masaka ili nishinde hoja. Umeisema wewe mtoto wa mpiganaji, na sijisikii kushinda chochote.

Nakubali hoja ya walalamikaji kwanza. Bado nina tatizo na shule zetu. Mwanangu kaletewa Amin kwenye aya mbili, nduli na ushindi, basi. Hakuna Kiwanuka, hakuna treni ya Mombasa, hakuna Masaka. Hata kwamba mkoa wenu zamani uliitwa Ziwa Magharibi na ukapewa jina la Kagera baada ya vita hakujua. Sasa anayemfundisha yaliyobaki ni nani? Ni zile video.

#9 Mchangiaji, Kampala

Kwa mkuu wa Dodoma, kuhusu picha. Hapa Uganda mwaka 2015 kwenye shirika la utangazaji la serikali ilipatikana hazina ya filamu hasi (negativu za picha) karibu 70,000, nyingi za enzi za Amin, na mwaka 2019 makumbusho ya taifa ikafanya maonyesho. Nilikwenda. Amin anacheza akodioni, Amin anaendesha magari, Amin anapokea wageni, watu wanacheka. Hakuna picha hata moja ya chumba cha mateso, kwa maana mpiga picha wa serikali hakuitwa huko. Kwenye ukuta mmoja wa maonyesho waliweka picha za waliopotea, ndogondogo, za vitambulisho na za harusi, kutoka kwa familia. Kijana aliyesimama karibu yangu alizipita haraka akaenda kupiga picha kwenye ile ya akodioni. Sikumlaumu, ndiyo iliyokuwa kubwa.

#10 Mchangiaji, Busia (Kenya)

Mleta uzi, yule kijana wa kidato cha tatu ameishia wapi? Na bibi?

#11 Mleta uzi

Nimerudi. Nilikuwa nyumbani wiki hii, ndiyo maana sikuonekana.

Nilimsomea dogo uzi wote. Kwenye treni na bangili aliniomba nirudie. Kisha akasema jambo ambalo mimi sikulifikiria: "Twende tukamwulize bibi ni nani hasa hawakurudi." Miaka yote hiyo nimesikia "jirani zetu wengine hawakuwepo" na sikuwahi kuuliza ni akina nani. Nimewasomea ninyi habari za tume ya 1974 na kesi 308, na kijijini kwetu sijaandika hata moja.

Tukachukua daftari la hesabu la dogo, tukakaa na bibi barazani. Tulimwita na jirani yake, mama mmoja waliyevuka naye daraja usiku uleule. Waliwataja kwa nyumba, kuanzia juu karibu na barabara kushuka bondeni. Nyumba hii mzee na mkewe. Nyumba hii kijana aliyerudi kufuata mbuzi. Ile iliyokuwa na mwembe, ndugu wawili. Dogo anaandika, akikosea tahajia bibi anamrekebisha, ingawa yeye mwenyewe kusoma hajui, anasikiliza tu anavyotamka. Wakafika saba.

Hapo wakatofautiana. Bibi akasema kuna wa nane, mzee mmoja aliyevuka nao salama kabisa, akafa wiki ya tatu ng'ambo ya mto kwa kuhara na baridi, wamelala nje bila blanketi. Jirani akakataa katakata. "Yule aliugua. Hakupigwa na mtu." Bibi akamjibu, "Angekuwa kitandani kwake angeugua?" Jirani akasema tukianza kuhesabu hivyo hatutamaliza, kwani hata mtoto wake mwenyewe aliyezaliwa na kufa mwaka ule itabidi aingie, na yeye hajawahi kumweka kwenye hesabu hiyo.

Bibi akanyamaza. Wakashikana mikono. Dogo akanitazama, kalamu iko juu.

Ameandika namba nane na jina la yule mzee, kwa penseli. Saba za juu ziko kwa wino. Ukurasa unaofuata ameuacha mtupu, anasema Jumamosi anakwenda kijiji cha pili na daftari lake.